Wembe Mbele ya Sikio

Kwa kina mume wangu, karibu na Kibabii huko Bungoma, nikipita njiani wanawake husimamisha majembe. Mimi ndiye yule bibi wa Kitale aliyemshika baba mkwe mkono. Hivyo ndivyo wanavyosema, na wanaishia hapo. Hawasemi mkono huo ulikuwa na nini. Kwa hivyo nitasema mimi.

Nianze na jambo la mkono, kwa asiyejua. Huko mke wa kijana hamgusi baba mkwe. Hamsalimii kwa mkono, haketi naye kwenye kiti kimoja, hapiti karibu naye mpaka nguo ziguse. Na baba mkwe si mmoja, ndugu zake wote ni baba mkwe. Wakitaka kukuambia kitu wanampa mtu mwingine akuambie, hata kama umesimama papo hapo: "Mwambieni alete maji." Nawe unajibu kupitia kwa huyo huyo: "Mwambieni maji yanachemka." Mwaka wa kwanza nilicheka sana. Baadaye nikazoea, na nikaona ina faida, maana mzee hawezi kukufokea.

Sasa shavu. Binti yangu alikuwa gredi ya kwanza alipoamka asubuhi moja hapa Kitale shavu la kushoto limejaa. Halikujaa katikati kama la mtu mwenye jino bovu. Lilijaa mbele ya sikio na kushuka hadi kwenye kona ya taya, na ile nyama laini ya chini ya sikio ilikuwa imesukumwa juu. Nilimpa chai na mkate, akatafuna mara moja tu, akashika uso na kulia.

Mwalimu wake alimwona langoni. "Mama, hiyo ni matumbwitumbwi. Rudi naye kabla hajaniambukizia darasa lote."

Nikarudi naye. Hata mimi nilijua ni matumbwitumbwi. Siku chache baadaye shavu likashuka, akarudi shule, tukasahau.

Likizo iliyofuata alikuwa kwa nyanya yake, anayemwita kukhu. Shavu likajaa tena, lile lile la kushoto. Mama mkwe hakuhangaika, dawa anayo. Mtoto mwenye matumbwitumbwi anafungiwa mzigo mdogo wa kuni, anaubeba kichwani mpaka kwenye mti fulani, anauzunguka, anatupa kuni pale chini na kukimbia nyumbani bila kuangalia nyuma. Ugonjwa unabaki na kuni. Mimi pia nilipelekwa nikiwa mdogo, kwetu huku Trans-Nzoia, upande unaoitwa Kwanza, na nilipona, kwa sababu matumbwitumbwi huisha yenyewe hata ukilala tu kitandani. Sina ugomvi na mti.

Lakini binti yangu akikimbia, ndala moja ilimtoka mguuni. Akageuka kuiangalia.

Shavu likashuka kama kawaida. Likarudi. Likashuka. Likarudi. Na kila likirudi, simu ya Bungoma ilikuwa na jibu moja: "Si aliangalia nyuma? Tulimwona."

Jioni moja nikimsuka nywele akaniuliza, "Mama, nikilala halafu nigeuke upande ule mwingine, hiyo ni kuangalia nyuma?"

Hasira yangu ilianzia hapo, kabla hata ya wembe. Mtoto wa miaka saba anaogopa kugeuka kitandani kwa sababu ya ndala.

Nikampeleka hospitali. Si kwa yule wa kaunta anayeuliza "unaumwa wapi" huku akiandika dawa. Nilingoja mpaka siku ya daktari wa masikio na koo, mwanamke mmoja asiyecheka ovyo. Aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Linavimba upande mmoja au pande zote? Maumivu yanaanza lini, akiwa amekaa au akianza kula? Akiona ndimu je?

"Akianza kula," nikasema. "Ndimu hataki hata kuisikia."

"Mara ngapi sasa?"

"Nimeacha kuhesabu."

"Mama, matumbwitumbwi mtu huugua mara moja, yakaisha. Hayana tabia ya kurudi rudi hivi."

Akavaa glavu, akamwambia mtoto afungue mdomo, akaniita nisogee na tochi. Akavuta shavu nje kidogo. "Angalia hapa, mkabala na gego la pili la juu. Unaona kitundu?" Nikaona kijinundu cha nyama, na katikati kitundu kama kilichotobolewa na sindano. Nimeishi na mdomo maisha yangu yote na sikujua kipo. Daktari akaweka vidole mbele ya sikio la mtoto, akakamua polepole kuja mbele, kama mtu anayemaliza dawa ya meno. Kwenye kitundu kikatokea kitone. Hayakuwa mate safi. Yalikuwa maji ya ukungu yenye vipande vyeupe, kama maziwa yaliyokatika.

"Chumvi," binti yangu akasema.

Daktari akanieleza. Mbele ya sikio pana tezi ya mate, kubwa kuliko zote. Imelalia taya, na sehemu yake nyingine imejificha nyuma ya mfupa. Chakula kikinukia, yenyewe ndiyo inayomimina mate mepesi kama maji. Mate hayo hupita kwenye mfereji mwembamba juu ya msuli wa kutafuna, ambao kisha unatoboa shavu na kutokea pale kwenye kile kitundu. Kwa binti yangu mate yalikuwa yanatuama ndani, na vijidudu vya mdomoni vinapanda mfereji kinyumenyume. Tezi ikivimba haina pa kwenda kwa sababu imefungwa na ngozi ngumu kama gunia lililoshonwa, ndiyo maana inauma vile.

"Kwa nini yeye?"

"Hatujui vizuri. Watoto wengine huwa hivyo. Wengi wakifika umri wa kubalehe linaisha lenyewe."

Akamtuma kwenye skeni aone kama kuna jiwe kwenye mfereji au uvimbe wa aina nyingine. Akaagiza damu pia, na akaniambia wazi kwa nini: virusi vya ukimwi vinaweza kuvimbisha tezi hii kwa mtoto. Nilikaa kwenye lile benchi la maabara nikihesabu makosa ya mume wangu, ya kweli na ya kubuni. Damu ilikuwa safi. Skeni ilionyesha tezi yenye vishimo vidogo vidogo, hakuna jiwe.

Kazi yangu ikawa maji mengi, kitambaa cha moto, kukamua kuja mbele, na kitu kichachu cha kunyonya siku ambazo hajavimba sana, ili mate yasukume uchafu nje. Akipata homa, nimlete apewe antibiotiki.

Nilikuwa nimeshika mlango daktari aliponiita tena. "Mama. Kitu kimoja. Asikatwe."

"Nani amkate?"

"Huwa wanaona jipu, wanapasua." Akaweka mkono wake kwenye shavu lake mwenyewe, kiganja chini ya sikio, vidole vimetawanyika. "Neva inayoendesha uso inatokea hapa, inaingia ndani ya hii tezi, na ikiwa mle ndani inagawanyika hivi. Tawi la paji, la jicho, la shavu, la mdomo, la shingo. Hata sisi tukiwa na taa na vifaa vyote tunaingia hapo kwa woga."

"Ikikatwa?"

"Jicho halifungi. Mdomo unaenda upande. Akicheka, nusu ya uso inabaki imelala. Na mara nyingi hairudi."

Maneno hayo niliyabeba hadi nyumbani. Nikampigia mama mkwe, nikamweleza yote, mfereji, neva, asikatwe. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo, mama. Ndiyo." Nilipaswa kujua. Ndiyo ya mama mkwe maana yake ni nimesikia sauti yako.

Aprili ikafika na mvua. Ninauza mbegu na mbolea kwenye duka la watu, na msimu wa kupanda Trans-Nzoia huwezi hata kwenda chooni kwa raha. Shule zilifungwa. Mume wangu akampeleka mtoto kwao, tukiwa tumeelewana kwamba akivimba ataletwa Kitale.

Asubuhi moja nikiwa napima mbegu, simu ikalia. Wifi yangu, ananong'ona.

"Wifi, uko wapi?"

"Dukani. Mbona unanong'ona?"

"Shavu imefura. Kubwa sana. Ako na joto, amekataa uji. Wamemwita mzee mdogo."

Mzee mdogo ni ndugu ya baba mkwe wangu. Kijiji kizima kinamjua. Anapasua majipu, anakata kimio kooni kwa watoto wanaokohoa, anatoa miiba iliyozama.

"Kumwita afanye nini?"

"Si unajua. Atoe usaha. Ati anakuja na pikipiki saa hii." Akakata.

Nikampigia mume wangu kazini.

"Zuia hao watu wenu!"

"Wacha wasiwasi, bana. Ni wazee. Mimi mwenyewe alinipasua jipu nikiwa mdogo, si niko?"

"Alikupasua wapi?"

Akashusha sauti. "Kwa matako."

"Sasa mtoto wako uso wake uko kwa matako?"

Mteja mmoja akacheka. Alikuwa amepakia mbolea kwenye pikapu yake, anaelekea Chwele. Nilivua aproni, nikamwambia mwenye duka anifute kazi akitaka, nikapanda juu ya magunia. Njia nzima nilimpigia mama mkwe na hakushika. Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, mahindi machanga pande zote, na mimi naona uso mmoja tu, nusu unacheka, nusu umelala. Pale Chwele nikachukua boda. Nilimwambia kijana aendeshe kama amekunywa.

Nilipoingia uani walikuwa wameshakaa. Mama mkwe kwenye kigoda, amembana mtoto katikati ya magoti yake, mkono mmoja umeshika paji la uso. Beseni la maji ya moto. Kitambaa cheupe. Majirani wawili wameegemea ukuta wa jikoni. Mzee mdogo ameinama mbele ya sikio la kushoto la binti yangu, anapapasa kwa kidole gumba pale palipolainika, na mkono wa kulia una wembe.

"Msimkate!" nikapiga kelele.

Mzee hakugeuka. "Mwambieni asimame hapo hapo."

"Baba anasema usimame hapo," mama mkwe akaniambia, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mama, mwambie baba daktari amekataza. Hilo si jipu, ni tezi ya mate. Kuna neva hapo inayofunga jicho."

"Anasema kuna mshipa."

"Mwambieni mishipa iko kila mahali kwa mtu. Nimekata watu kabla yeye hajazaliwa. Na wembe ni mpya, aone karatasi yake iko chini."

"Anasema wembe ni mpya."

"Mama! Si mambo ya wembe mpya!"

"Wewe, huyu mtoto hajalala," mama mkwe akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Umesikia? Amelia mpaka sauti imeisha. Ulikuwa wapi? Unauza mbegu. Mimi ndiye nimemshika. Wacha hii uchafu itoke, alale."

Nilimtazama macho. Hakuwa amelala yeye pia. Lakini mzee alikuwa amepata pahali pake, nikaona kidole gumba kikivuta ngozi ikakaza, na binti yangu, ambaye hawezi kugeuza kichwa, akanitafuta kwa pembe ya jicho na kusema, "Mama, sikuangalia nyuma! Ukweli, sikuangalia!"

Nilivuka ua na kumshika mkono.

Niliushika kifundoni, kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa mkavu na mwepesi, mkono wa mzee tu. Wembe ukaanguka kwenye beseni. Kisha wifi yangu akapiga "Uuuwi!" na mama mkwe akasimama, kigoda kikaanguka.

"Umemshika! Umemshika baba!"

"Nimemshika."

Mzee alirudi nyuma akiutazama mkono wake kama umeungua. Hakunitukana. Wale wa ukutani walimfanyia kazi hiyo.

"Hawa wa Kitale wamesoma mpaka wamepotea."

"Fomu foo tu, na anajiona daktari!"

"Fomu foo na D ya bayolojia," nikawajibu. "Mje muone."

Nilinawa mikono kwenye maji yale yale ya moto, nikaketi chini udongoni, nikamlaza mtoto mapajani. "Fungua mdomo, mama yangu. Pana." Kisha nikamwita mama mkwe. Hakutaka. Nikamwambia kama anataka uchafu utoke, basi aje aone ukitoka. Akainama. Nikavuta shavu, nikamwonyesha kitundu karibu na gego. Nikakamua kutoka sikioni. Mtoto alipiga mateke. Nikakamua tena, polepole, na usaha ukatoka pale, wa manjano, mzito, ukashuka juu ya jino.

"Yesu," mama mkwe akasema. "Kuna mlango?"

"Kuna mlango. Umekuwepo tangu azaliwe. Sasa mnamtobolea mwingine wa nini?"

Aliokota kile kitambaa cheupe na kumfuta mtoto mdomo.

Nilimfunga mtoto mgongoni, mkubwa vile, nikaondoka naye hadi hospitali mjini Bungoma. Walimpa antibiotiki ya sindano, wakamlaza mpaka homa ikashuka. Daktari wa pale alimwambia: inua nyusi, funga macho kwa nguvu, puliza mashavu, nionyeshe meno. Alifanya vyote, pande zote mbili. Mimi nililia kwenye korido, si kwa shukrani. Nililia kwa hasira kwamba mtu anaweza kuwa karibu hivyo na kuharibiwa na watu wanaompenda.

Sasa ya mkono. Baada ya mavuno ya maharagwe mume wangu alikuja na ujumbe. Wazee wamekaa. Nimevunja heshima, na hadi nimalize hilo jambo siwezi kuingia kwenye boma lile wala kupika pale. Niende na kuku, niombe msamaha.

"Mimi? Na yeye ataniletea nini?"

"Usianze."

"Sijaanza. Nauliza. Kama wembe wake ungefika kwenye uso wa mtoto, angeniletea kuku?"

Hatukuongea kwa siku kadhaa. Mwishowe nilienda, kwa sababu mtoto ana kukhu yake na anampenda, na sitaki akue akiogopa boma la babake. Lakini nilienda na maneno yangu tayari.

Walikaa sebuleni, wanaume upande mmoja. Mimi nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango, mama mkwe kando yangu awe mdomo wangu. Kuku miguu imefungwa, ananitazama. Nikasema, "Mama, mwambie baba hivi. Kwa kumshika mkono naomba msamaha, ni baba yangu. Kwa kuuzuia wembe siombi. Kesho akiushika tena, nitamshika tena."

Mume wangu akaficha uso. Mama mkwe alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atapunguza, kama anavyopunguza kila kitu. Akageuka na kuyasema yote, neno kwa neno, hata lile la kesho.

Wazee wakaguna. Mzee mdogo alikuwa ameshika fimbo yake katikati ya magoti. Mtu mwingine akaanza kuzungumza habari ya mvua, yeye akamkatiza. Na hakupitisha kwa mtu. Alinitazama mimi.

"Hiyo kamba ya kufunga jicho. Inapita wapi?"

Sikujua kama naruhusiwa kumjibu. Nikagusa shavu langu, mbele ya sikio.

"Kuna msichana nilimpasua hapo," akasema. "Zamani. Jipu, usaha ulitoka mwingi, akapona. Baadaye jicho likakataa kufunga na mdomo ukaenda huku. Tukasema ni wivu, wamemroga shuleni. Ameolewa Kapsokwony. Akilala, anafunika jicho na leso." Akaegemeza kidevu kwenye fimbo. "Ni mimi?"

Baba mkwe wangu mwenyewe, babake mume wangu, akakohoa, akasema mambo hayo ni ya zamani. Mama mkwe akanifinya goti. Nilijua anachoomba. Aliomba niseme hapana, au sijui, au niangalie chini tu kama mke wa mtu.

"Uso huweza kulegea kwa sababu nyingi, baba," nikamwambia. "Sikuwepo. Lakini kama ulikata hapo, na ikaanza baada ya kukata, basi naona ni wewe."

Mzee aliinuka kwa fimbo, akapita mlangoni karibu nami mpaka koti lake likanigusa bega, na hakujali. Nje akasimama.

"Huyo kuku msichinje," akasema. "Mrudishieni aende naye. Hana deni hapa."